Nafasi ya Spana: Kupima Ufungaji wa Injini ya Karasha

Karasha ni mtambo wenye pipa la chuma na gololi nzito unaosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, na injini ya dizeli inayouzungusha hupimwa kwanza kwa urahisi wa mkono wa fundi kuifikia kila siku pasipo kufungua kisichohusika. Kanuni hiyo imesahauliwa kwa kiasi cha kusikitisha katika mabanda ya Bugarama na ya vijiji vingine vya Msalala na Geita, ambako ufungaji unaosifiwa sasa ni ule wa injini iliyozamishwa katika zege lililopigwa ripu, ikazungushiwa wavu wa nondo na kutiwa kufuli. Wanaousifu huona unadhifu na usalama wa mali, hali mtu aliyewahi kulala chali chini ya injini ya namna hiyo, spana ikigonga ukuta kila anapoizungusha, huona kazi mbovu iliyolipiwa fedha nyingi.

Jahazi la tanga lenye injini ya ndani lina tabu iyo hiyo, ila lenyewe lina udhuru. Mjenzi wake hufikiria kwanza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, mbao zilizopinda zinazobeba mbavu zake, kisha injini hupewa nafasi iliyobaki tezini, chini ya sitaha, karibu na ngama yanakokusanyika maji machafu. Ndoo haiingii huko, na kwa sababu hiyo baharia makini huipasha injini moto kwanza ili oili iwe nyepesi na uchafu uelee ndani yake, ndipo aifyonze kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Mwenye karasha aliye juu ya ardhi tambarare, kiasi cha kilomita 55 kusini mwa Ziwa Victoria, hana mkuku wa kumzuia. Wavuvi wa ziwa hilo na wachenjuaji wa Bugarama wana neno moja, mwalo, ambalo kwa wale ni mahali pa kushushia samaki na kwa hawa ni mahali pa kuoshea dhahabu, lakini hawana tabu moja, kwa kuwa boti nyingi za ziwani huning'iniza injini nje, nyuma ya chombo, ambako kila nati inaonekana.

Jambo ambalo mnunuzi asiyejua hulipita kila mara ni nafasi iliyo chini na kando ya bolti ya kumwagia oili. Kichwa cha bolti hiyo kina pembe sita, kwa hiyo spana ya mdomo wazi inapaswa kuzungushwa nyuzi 60 kabla haijashika pembe inayofuata. Na kwa kuwa mdomo wa spana nyingi za aina hiyo umeinamishwa nyuzi 15, fundi anayeigeuza juu chini kila mara hupata mshiko mpya baada ya nyuzi 30. Chini ya hapo ujanja umekwisha. Ukuta wa zege ukikaribia hata kuzizuia nyuzi hizo 30, patasi na nyundo huingia kazini, pembe za bolti hulika, na tangu siku hiyo oili ya injini hiyo haibadilishwi tena bali huongezwa tu. Chini ya bolti pia lazima paingie dumu la lita tano lililokatwa ubavuni, lilazwe, lijae, litolewe bila kuinamishwa. Sakafu isiyo na doa hata moja la oili mahali hapo haistahili sifa ya usafi, kwa kuwa kwa kawaida inaonyesha kwamba dumu halijawahi kufika.

Ulaghai hujificha hapo hapo. Rangi ya oili haithibitishi kitu, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya saa chache za kazi hata ikiwa mpya, na fundi mlaghai anayelijua hilo huongeza nusu lita, husugua kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, kisha hudai malipo ya oili yote. Mjuzi hutazama washa, kile kipete cha shaba kilicho chini ya kichwa cha bolti: vumbi lililoganda na oili kwenye ukingo wake ni ushahidi kwamba bolti haikufunguliwa. Fundi bingwa hangoji kuulizwa, bali humimina oili chafu katika galoni iliyoleta oili mpya, ili mwenye mali aone kwamba kilichotoka kinakaribia kilichoingia.

Chujio la hewa lishikwe kwa klipu, lisishikwe kwa nati, kwa sababu vumbi la karasha lina kwatsi, jiwe jeupe gumu kuliko chuma cha silinda, na chujio linalosumbua kufungua halisafishwi. Tangi la mafuta liwe juu. Injini iliyopakwa rangi upya isinunuliwe, kwa kuwa rangi hufunika ushahidi kama ule wa washa.

Injini ya Lister ya aina ya CS, iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na baadaye kuigwa Rajkot nchini India, ilikuwa na milango mipana ubavuni mwa sanduku la krenkishafti, kiasi kwamba fundi wa mashine ya kusaga nafaka aliingiza mkono mzima na kukagua beringi bila kuishusha injini. Ilizunguka mara 650 tu kwa dakika, na hakuna injini nyepesi ya silinda moja ya siku hizi inayomjali fundi namna ile.

Injini hizo nyepesi zinapaswa kuinuliwa juu ya magogo mawili ya mninga, kimo cha viganja viwili kutoka sakafuni, ziweze kusogezwa mkanda unapolegea. Wanaopenda zege husema kwamba mtikisiko hulegeza nati zilizokazwa kwenye magogo, na ni kweli: hukazwa kila wiki, na anayezikaza hupiga magoti mahali ambapo bolti ya oili iko mbele ya macho yake.