Matini Ipi Iliimbwa? Uhakiki wa Chapa ya "Mateso ya Yohana" ya J. S. Bach

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki chapa ya Mateso ya Bwana Yesu kwa Injili ya Yohana ya Johann Sebastian Bach, iliyohaririwa na Arthur Mendel na kutolewa mwaka 1973 katika mfululizo uitwao Neue Bach-Ausgabe. Msomaji asishangae kuona noti za muziki zikijadiliwa katika jarida la theolojia. Aliyejifunza Kiyunani amekwisha kuzoea kutazama chini ya ukurasa wa Agano Jipya la Nestle-Aland, ambapo tofauti za hati za kale zimeorodheshwa. Wataalamu wa muziki nao wamefanya kazi ya namna hiyo juu ya Bach, na maswali yanayozuka yanatuhusu.

Mwaka 1850, miaka mia moja baada ya kifo cha Bach, chama kiitwacho Bach-Gesellschaft kiliundwa huko Leipzig ili kuchapa kazi zake zote. Katika mfululizo huo Wilhelm Rust alitoa Mateso ya Yohana mwaka 1863. Mfululizo mpya ulianza mwaka 1954 na kukamilika mwaka 2007. Ulisimamiwa na taasisi mbili, moja Göttingen na nyingine Leipzig, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mpaka wa nchi mbili za Ujerumani uliwatenganisha wahariri. Hatuna budi kuiheshimu subira yao. Walichunguza wino, alama zilizofichika ndani ya karatasi, na mwandiko wa kila mnakili.

Ugumu wa Mateso ya Yohana ni huu: Bach hakuacha umbo moja la kazi hiyo. Iliimbwa mara ya kwanza katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, Leipzig, Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724. Mwaka uliofuata aliibadili, hata kwaya ya kufungulia ikawa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1730 aliibadili tena. Mwaka 1739 alianza kuinakili upya kwa mkono wake mwenyewe, lakini aliacha baada ya kurasa 20. Mwaka huohuo Baraza la Mji lilizuia muziki wa Mateso usiimbwe mpaka kibali kitolewe, na wako wanaoona kwamba ndiyo sababu ya kuacha. Miaka kama kumi baadaye mnakili alikamilisha kitabu hicho kutoka katika hati ya zamani ambayo sasa imepotea. Mwaka 1749 kazi iliimbwa tena, kwa sehemu kubwa ikirudia umbo la kwanza. Hata hivyo, waimbaji na wapigaji walitumia karatasi zao za zamani, ambazo masahihisho ya kurasa zile 20 hayakuwa yametiwa.

Mendel alifanya nini? Kwa namba kumi za kwanza alifuata kurasa alizozisahihisha Bach. Kwa sehemu iliyobaki alifuata kazi ya mnakili pamoja na karatasi za waimbaji. Namba za mwaka 1725 aliziweka katika nyongeza. Ripoti yake ya uchunguzi ya mwaka 1974 inaeleza kila jambo kwa uaminifu mkubwa. Kwa upande huo hatuna lawama. Kabla yake ilikuwa vigumu mno kujua ni lini Bach alibadili nini.

Lawama yetu iko kwenye mpangilio. Muziki uliochapwa katika sehemu kuu ya kitabu haukusikiwa na usharika wowote wa Leipzig katika maisha ya Bach. Umeunganishwa na mhariri. Mtu atajibu kwamba hata matini ya Nestle-Aland imeunganishwa kutoka hati nyingi, wala hakuna hati moja inayolingana nayo kabisa. Jibu hilo lina uzito, ila halitoshi. Mhakiki wa Agano Jipya hutafuta andiko moja lililo nyuma ya makosa ya wanakili. Hapa tofauti kubwa zilifanywa na mtunzi mwenyewe, kila moja kwa ajili ya ibada ya mwaka wake. Kuzichanganya si kuondoa makosa, bali ni kuziunganisha ibada zilizokuwa mbalimbali.

Wala si jambo la sauti tu, bali la mahubiri. Kwaya ya kufungulia ya mwaka 1724 yamwita Bwana ambaye utukufu wake waonekana hata katika unyonge. Hiyo ni lugha ya Yohana kabisa. Ya mwaka 1725 ni wimbo unaomwita mwanadamu alie kwa ajili ya dhambi yake, na ndiyo iliyohamishiwa baadaye katika Mateso ya Mathayo. Tena, Bach aliingiza katika masimulizi kilio cha Petro na kupasuka kwa pazia la hekalu kwa maneno ya Mathayo, mambo ambayo Yohana hayataji. Katika umbo la miaka ya 1730 maneno hayo yaliondolewa, na mwaka 1749 yakarudishwa. Je, Yohana aachwe aseme peke yake, ambaye kwake kifo cha Yesu ni kazi iliyotimizwa, au asaidiwe na Mathayo? Kila mhubiri wa Ijumaa Kuu amekutana na swali hili. Inaonekana Bach naye alilijibu kwa namna zaidi ya moja.

Kwa hiyo twaona ni afadhali njia ya Peter Wollny, ambaye kwa wachapaji Carus wa Stuttgart amehariri umbo la 1725 na la 1749, kila moja peke yake. La 1724 haliwezi kurudishwa lote, kwa kuwa karatasi nyingi za mwaka ule zimepotea. Upungufu huo ukubaliwe, usifunikwe.

Neno la Kijerumani "Urtext", yaani matini ya asili, huandikwa leo kwenye majalada mengi ya noti, nalo huwavuta wanunuzi. Mwalimu wa kwaya asilipokee bila kuuliza: ni asili ya mwaka gani, na ya ibada gani? Chapa ya Mendel tunaipendekeza kwa kila maktaba ya chuo, kwa sharti kwamba ripoti yake inunuliwe pamoja nayo na isomwe. Bila ripoti hiyo msomaji atadhani ameshika kazi moja iliyokamilika, kumbe mtumishi wa Kanisa aliyeitunga alikuwa akiirudia kwa miaka 25, akitafuta namna ya kuutangaza msalaba kwa watu waliokuwa mbele yake.