Sita Wanaotosha

Kazi kubwa ya Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha madubwana, hufanyika kabla ya pambano. Anayetazama kwa mara ya kwanza huona majoka yakitema moto, kobe akifuka moshi, panya akirusha radi, akakisia kwamba atashinda mwenye dubwana lenye nguvu kuliko yote. Nimewasikia vijana wakikisia hivyo kwenye vibanda vya gemu vya Makutano, mjini Meru, wala sishangai. Mchezo waliouzoea hapo ni kandanda ya video, ambamo mtu huchagua klabu tajiri ya Ulaya na mpira ukaanza. Huku klabu haipo mpaka uiunde, na huko kuiunda ndiko ninakotaka kusifu.

Mchezo huu ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 ukiwa na madubwana 151. Leo yamepita 1,000. Kila moja ni la aina moja au mbili kati ya 18: maji huzima moto, moto huteketeza majani, majani hunyonya maji, umeme hauigusi ardhi hata kidogo. Katika mashindano rasmi mchezaji huja na sita, huwaona sita wa mpinzani, kisha hupewa sekunde 90 za kuchagua wanne watakaoingia, wawili wakiwa uwanjani kwa wakati mmoja. Kila dubwana hubeba mapigo manne tu, na kifaa kimoja ambacho mwenzake yeyote haruhusiwi kukirudia. Zisome kanuni hizo polepole utaona zote zinakuambia kwamba hutapata kila kitu. Ukiziba hapa, pale panabaki wazi. Ufundi ni kuchagua mahali pa kuacha wazi, na kumweka mtu wa kupalinda.

Watengenezaji wenyewe walilazimika kujifunza hilo. Katika matoleo ya kwanza, aina ya nguvu za akili ilikosa mpinzani wa kweli, ikatawala. Mwaka 1999 waliongeza giza na chuma ili kuipunguzia makali, na mwaka 2013 wakaongeza aina ya 18 kwa sababu majoka nayo yalikuwa yamezidi.

Mfano mmoja utanifaa kuliko maelezo mengi. Chukua Torkoal. Ni kobe wa makaa ya mawe, mzito, mwenye kasi ndogo kuliko karibu kila atakayekutana naye. Kwa kipaji chake, anapoingia tu jua kali huwaka kwa zamu tano. Chini ya jua hilo mapigo ya moto huongezeka nguvu kwa nusu, na ya maji hupungua kwa nusu. Ana pigo liitwalo Eruption, la kutisha kweli akiwa mzima, lakini hufifia kadiri anavyojeruhiwa. Hapo tayari fundi ana kazi mkononi: pigo bora la kobe linamtaka awe mzima, na uzito wake unahakikisha kwamba atapigwa kwanza.

Anayeanza humwacha. Fundi humtafutia wenzake. Kobe huyu huumizwa na maji, ardhi na mawe. Nani huziangusha aina hizo tatu kwa mkupuo mmoja? Wa majani. Basi anaitwa Venusaur, ambaye juu ya kuwa wa majani anaweza kuwa na kipaji cha kuongeza kasi yake maradufu juani. Kobe anawasha jua, mwenzake anakimbia ndani yake. Venusaur naye huogopa moto na barafu, na vyote viwili kobe huvistahimili. Wawili hawa wameanza kulindana bila mmoja wao kubadilishwa hata nukta.

Bado kobe anapigwa kwanza. Anaongezwa Hatterene, mchawi mwenye kofia ndefu, ambaye anaweza kufungua kitu kiitwacho Trick Room: kwa zamu tano mpangilio hupinduka, wa polepole wakatangulia. Lakini kumfungulia kobe mlango huo kunagharimu zamu nzima, na mpinzani mwenye akili atataka kumwangusha Hatterene katika zamu hiyohiyo. Kwa hiyo panahitajika wa kusimama mbele na kuyavuta mapigo yote kwake. Anakuja Indeedee, mdogo, asiyeua mtu, kazi yake ikiwa ni kumnunulia Hatterene zamu moja ya usalama. Ona tulikofika. Tulianza na kobe mzito, na sasa tuna njia mbili za kushinda, ya mbio chini ya jua na ya polepole chini ya mpinduko, na mpinzani mwenye sekunde 90 hajui ipi inakuja. Nafasi mbili zimebaki, na matishio yaliyobaki ni mengi kuliko nafasi hizo. Hapa ndipo usiku huliwa.

Kuna jambo moja dogo la huyu kobe ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Pelipper, ndege wa mvua, akiingia uwanjani sawia na Torkoal, vipaji vyao hufanya kazi kwa mpangilio wa kasi. Pelipper ndiye mwepesi, kwa hiyo mvua yake hunyesha kwanza. Torkoal hufuata, jua lake likaifuta mvua, na hali ya hewa inayobaki ni ile iliyofika mwisho. Uzito wa kobe ndio unaompa jua. Aliyemtupa kwa sababu ya kasi yake alitupa pia silaha ya kupambana na vikosi vya mvua.

Halafu kuna hesabu, na wengi huikimbia. Kila dubwana lina vipimo sita: uhai, nguvu mbili za kupiga, kinga mbili, na kasi. Mchezaji huligawia pointi 510, zisizidi 252 katika kipimo kimoja. Mazoea ya wengi ni kumwaga 252 kwenye nguvu, 252 kwenye kasi, na kusahau yaliyobaki. Fundi huuliza swali jingine: nahitaji kasi kiasi gani, na ya kumpita nani? Kama tishio langu ni moja, nahitaji kulizidi kwa nukta moja tu. Kinachobaki nakihamishia kwenye uhai au kinga. Katika kiwango cha 50, ambacho ndicho cha mashindano, pointi nane hununua nukta moja ya kipimo ukishavuka zile nne za mwanzo, na kwa nukta hizo mtu anaweza kumtengeneza mlinzi wa kuhimili pigo moja mahususi kutoka kwa mpinzani mmoja mahususi. Hata hapo bahati ina sehemu yake. Pigo lilelile huweza kutua kwa nguvu kamili au kushuka hadi asilimia 85, katika ngazi 16. Mwingine huridhika mlinzi wake akiokoka katika ngazi 15 kati ya 16, na pointi alizobakisha akazipeleka kwingine. Mwingine hulala vibaya kwa ajili ya ile moja. Mimi ni wa kundi la kwanza. Kikosi kinachojikinga na kila ajali huishia kutotisha mtu.

Kwa sisi tunaoishi mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, fikra hii ni ya nyumbani. Shamba la ekari mbili kati ya Nkubu na Runyenjes halikai na zao moja. Kahawa imesimama pamoja na makadamia, migomba iko bondeni, maharagwe yamepita katikati, grevilea zimezunguka mpaka, na ng'ombe wa maziwa yuko zizini. Bei ya kahawa ikianguka, ndizi na maziwa hulipa karo. Miaka ya 1990 watafiti wa kilimo huko Embu waliwaletea wakulima kichaka cha kaliandra. Hakikuwa zao la kupeleka sokoni. Kilipandwa mipakani na kwenye kingo za matuta, kikashika udongo, kikairudishia ardhi naitrojeni, na majani yake yakampa ng'ombe protini ambayo mwenye shamba angeinunua kwa gunia la chakula cha dukani. Mtu ambaye angekipima kichaka hicho peke yake, kwa bei yake ya soko, angekikata.

Kaliandra ya Pokémon ilionekana Agosti 2014, mjini Washington, D.C. Mkorea Se Jun Park alifika kwenye mashindano ya dunia akiwa na Gyarados, Garchomp, Talonflame, Gardevoir, Gothitelle, na kindi mdogo wa umeme aitwaye Pachirisu. Watano wa kwanza hawakuhitaji utetezi. Wa sita, kwa vipimo, ni miongoni mwa viumbe dhaifu ambavyo mtu angeweza kuvileta kwenye jukwaa la ukubwa ule. Lakini tazama alipowekwa. Gyarados na Talonflame wote wawili wana aina ya kuruka, na wote wawili huumizwa na umeme. Kipaji cha Pachirisu ni kuunyonya umeme na kupona kwa huohuo. Juu ya hayo alibeba Follow Me, pigo linalowalazimisha wapinzani wamlenge yeye badala ya jirani yake. Radi ambayo ingetumwa kumwua Gyarados ingemfikia kindi na kumtibu. Hakuwa na nguvu za kupiga, kwa hiyo alipewa Super Fang, pigo linalokata nusu ya uhai uliobaki wa mpinzani bila kuuliza anayepiga ana nguvu gani. Kila upungufu wake ulipatiwa jibu. Park alimshinda Mmarekani Jeudy Azzarelli katika fainali, akawa bingwa wa dunia.

Watu wengi waliinakili timu ile baadaye, na hapo nina neno la kusema. Kunakili kunafundisha, nami simzuii mtu. Hata hivyo orodha ya sita haikuonyeshi maswali iliyoyajibu. Pachirisu alikuwa jibu la 2014, dhidi ya matishio ya 2014, akiwa kando ya Gyarados. Mwondoe hapo, umweke kwenye kikosi kisichoogopa umeme, naye anarudi kuwa kindi. Mwenye kunakili hushindwa mara mbili, akalaumu timu, akatafuta orodha nyingine. Mwenye kuunda huyapitia tena mapambano aliyoshindwa, akagundua kwamba tatizo halikuwa kobe wala mchawi, ila dubwana la tano ambalo hakuwahi kulichagua katika wale wanne. Dubwana linalobaki benchi siku zote limekwisha kukujibu kwamba nafasi yake inamngoja mwingine.

Ninaipenda sanaa hii pia kwa sababu umbali hauidhulumu. Kenya inao mashujaa wa michezo ya video. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken. Lakini Tekken ni mchezo wa kufumba na kufumbua: picha 60 hupita kila sekunde, na mtandao ukichelewa kidogo ngumi yako hufika mwenzako ameshaondoka. Pokémon ni mchezo wa zamu. Katika mashindano una sekunde 45 za kuamua, na mtandao unaosuasua katika mabonde ya Chogoria haukupunguzii akili. Tena huhitaji mashine ya bei. Tangu 2011 upo uwanja wa mazoezi wa Pokémon Showdown, ulioanzishwa na Guangcong Luo, unaofunguka katika kivinjari cha simu ya kawaida bila malipo. Humo madubwana yote ni yako tangu dakika ya kwanza, na pointi 510 unazigawa kwa kuandika tarakimu. Kijana wa Siakago mwenye bando dogo ana viumbe vilevile alivyo navyo mwenzake wa Tokyo, na pointi zilezile. Kitakachowatofautisha ni fikra.

Binamu yangu yuko Kianjokoma, kwenye majani chai, nami niko upande wa Meru. Huwa tunatumiana vikosi usiku, kila mmoja akitafuta tundu katika kazi ya mwenzake. "Kaka, ukipata barafu utafanyaje?" ndiyo salamu yake. Hatujawahi kugombana kwa sababu ya matokeo ya pambano. Tumebishana sana kuhusu nafasi ya sita, na katika mabishano hayo nimeona akili yake kuliko nilivyoiona katika miaka yote tuliyokula sahani moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa shule za upili za Meru, Embu na Tharaka Nithi wanaosimamia vilabu vya chesi. Mnazo kompyuta, mnao wanafunzi wanaopenda kufikiri, na uwanja wa mazoezi ni wa bure. Tengeni alasiri moja ya Jumamosi kila mwezi. Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili, waunde sita, na kabla ya kucheza waandike ukurasa mmoja wakieleza kwa nini kila mmoja wa hao sita yupo. Toeni alama kwa ukurasa huo kwanza, matokeo ya mapambano yafuate.