Walimu Wanaoanza na Masikio

Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, mtaani hukumu huwa tayari: mvivu, au karogwa. Ndiyo maana nawapa heko walimu watathmini wa Kenya, wale wa vituo vya tathmini ya elimu vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Hawaanzi na kitabu. Huanza na masikio na macho, kwani wapo walioitwa wajinga kumbe hawamsikii mwalimu. Kisha humketisha mama (au nyanya, mara nyingi ni nyanya) wakamwuliza taratibu: mimba ilikuwaje, alianza kutembea lini, aliwahi kushikwa na degedege? Mtoto naye hupewa vibao apange, picha aeleze, na herufi azitenganishe, b na d zikimchezea.

Wengi wao wamepitia KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Ofisi zao hazina makuu. Lakini mzazi huondoka na karatasi inayomweleza mwalimu wa darasa la kufanya Jumatatu: amketishe mbele, amsomee maswali kwa sauti, amwongezee muda. Mganga hakuwahi kuandika hivyo.