Nyimbo za Kutulia kwa Noah ya Mjomba

Wimbo wa taratibu na wimbo uliotulia si kitu kimoja. Ukisema hivyo kijiweni watakuona unatafuta ubishi, lakini tofauti hiyo imenikalia kichwani tangu mjomba aliponipa flashi tupu na kunituma nimjazie nyimbo.

Mjomba anaendesha Noah kati ya Nachingwea na Ruangwa. Huku kusini mjomba si mtu wa kumwambia "nitaangalia." Kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde ukoo umehesabiwa upande wa mama tangu zamani; kaka wa mama akikutuma, umetumwa. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Mpwa wangu, nitafutie nyimbo zinazonata, zenye mdundo, ila zisiwachoshe abiria." Nikaitikia, "Sawa, mjomba." Kazi ikaanza.

Nachingwea iliwahi kuwa na treni. Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ulikufa mapema, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Tukabaki na barabara, na kwenye barabara watu hukaa goti kwa goti wakisikiliza redio moja. Anayepanda Noah ya mjomba anaweza kuwa mwanafunzi anayerudi shule, mkulima anayefuatilia malipo yake ya korosho, shabiki anayewahi mechi ya Namungo pale Uwanja wa Majaliwa, au mama anayempeleka mtoto hospitali. Na mara nyingi kuliko tunavyodhani, ni mtu anayekwenda msibani. Hawakuchaguana, na hakuna kati yao mwenye uwezo wa kuruka wimbo.

Nilianza pale anapoanzia kijana yeyote wa leo: nikafungua programu ya muziki kwenye simu na kutafuta nyimbo laini za Kiswahili. Nikaletewa vilio. Kinanda kinaanza peke yake, mwimbaji anaachwa, anaapa, anapiga magoti, sauti inapanda hadi inakatika. Baadhi ya nyimbo hizo ni nzuri sana, na zipo ambazo nimezililia. Lakini hazijatulia. Ngoma inakwenda polepole huku mwimbaji amekushika shati, hakuachii mpaka uhuzunike pamoja naye.

Kisha nikajaribu upande wa pili. Singeli, muziki uliozaliwa mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, huvuka mapigo 200 kwa dakika, na naupenda kwa roho moja. Nao unashika shati, ila wenyewe unataka ucheze. Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo orodha nyingi za "nyimbo laini" hazilioni: kasi si kipimo. Wimbo uliotulia ni wimbo usiokuamuru. Unakukuta ulivyo, unakuachia nafasi pembeni yake, na usipoingia hauna kinyongo.

Mfano wangu wa kwanza ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, wengi wao Watanzania. Sikiliza gitaa la besi la Tom Malanga. Halikimbii. Linasema maneno machache, linanyamaza, linarudi. Ule ukimya ndio unaokufanya utikise kichwa bila kujijua, kwa sababu mwili wako unajaza nafasi iliyoachwa wazi. Ajabu ni kwamba wimbo wenyewe ni wa ugomvi: mtu anajitetea mbele ya mwenzake anayemchukia. Maneno ni makali, lakini anayeimba hapandishi sauti. Anazungumza kama mtu mzima aliyekwishaamua kwamba kupiga kelele hakutamwongezea haki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema muziki uliotulia ni muziki mtupu, wa kupamba ukumbi wa hoteli wakati watu wanakula. Ule wa hoteli umeondolewa kila kitu kinachoweza kukugusa. "Sina Makosa" haujaondolewa kitu. Uchungu umo wote, umepewa tu kiti ukae.

Kutoka hapo nilitafuta nyimbo za kizazi chetu zenye tabia hiyo. "Mwana" wa Alikiba, wa mwaka 2014, ndio uliosimama juu ya wenzake. Ni habari ya msichana aliyeondoka nyumbani na kwenda kupotelea jijini Dar es Salaam, na nyuma yake wamebaki wazazi. Nyimbo ngapi za aina hiyo zimegeuka mahubiri? Huu haukugeuka. Mdundo unaendelea kutembea, sauti inaizunguka habari bila kumnyooshea mtu kidole. Ndani ya gari linalotoka wilayani, ambamo kila mzazi ana mtoto aliyekwenda Dar na kila kijana anawaza kwenda, wimbo huo unawafikia wote wawili, kila mmoja kwa mlango wake.

"Nakupenda" wa Jay Melody, uliotoka mwaka 2022, una kiitikio ambacho abiria anaweza kushuka nacho mdomoni hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kuusikia. Ngoma ni nyepesi na mwimbaji hajikamui. Upungufu wake ni kwamba unatoa kila kitu mara moja. Ukiusikia mara ya tano hauna jipya la kukuonyesha. Kwa safari moja hilo si kosa. Kwa dereva anayekwenda na kurudi kila siku, ni la kufikiria.

"Suzanna" wa Sauti Sol, wa mwaka 2020, niliuweka nyuma tu ya Les Wanyika. Wakenya hao wanaujua utulivu wa zamani na wanauchezea kwa makusudi, kwa magitaa yanayotabasamu na sauti zinazopangana kama vyombo kabatini. Nao ni wimbo wa malalamiko, mwanamume akimlaumu Suzanna. Hapo nikapata uhakika kwamba tatizo la vile vilio vya mwanzo halikuwa kulalamika. Lilikuwa kutompa msikilizaji pa kusimama.

Mzozo ulikuja kwa Harmonize. Mjomba alitaka "Single Again" kwa sababu moja nzito: Konde Boy ni mtoto wa Mtwara, jirani yetu, na mtu hakosi kumbeba mtoto wa kwao. Wimbo unanata, sibishi. Umejengwa juu ya amapiano ya Afrika Kusini, muziki ambao kwa kawaida haufiki hata mapigo 120 kwa dakika, kwa hiyo kwa hesabu ya kasi ungepita bila shida. Lakini ile besi yake ya kugonga, ikipita kwenye spika za Noah ya miaka mingi, inatawala gari zima na mazungumzo yanakufa. Tukakubaliana ukae kwenye fungu la jioni, hasa siku Namungo wanapocheza nyumbani, maana wakati huo abiria wenyewe ndio wanaoomba kelele.

Lilibaki suala la adabu. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu za kimaadili, na vijana wengi tuliliona hilo kama ubabe wa ofisi. Bado naamini msanii aachwe aimbe. Lakini Noah ina baraza lake, na mwenyekiti ni mkwe wa mtu. Wimbo wenye mafumbo ya chumbani ukilia wakati mama mkwe yupo kiti cha nyuma, hapatolewi tamko lolote. Watu wote wanatazama dirishani tu. Ukimya huo ni kinyume kabisa cha ukimya wa besi ya Malanga. Ule unakukaribisha. Huu unakuomba uyeyuke.

Kwa hiyo mwisho wa kupima kwangu haukuwa sikio langu peke yangu. Kila wimbo niliujaribu kwa kuwaza watu wawili wamekaa kiti kimoja: mmoja ametoka kulipwa korosho zake, mwingine anakwenda kuzika. Wimbo ukimfurahisha wa kwanza kwa kumkanyaga wa pili, niliufuta. Ukimliliza wa pili hadi wa kwanza aone aibu kwa furaha yake, niliufuta pia. Zilizobaki hazikufika 30, na nyingi ni ndefu, kwa sababu bendi za zamani zilikuwa na subira: zinasimulia kwanza, ndipo zinaingia kwenye chemko, wakati huo msikilizaji ameshatafuta mkao. Nyimbo za sasa za dakika tatu zinaisha kabla konda hajamaliza kukusanya nauli.

Kwenye flashi nilizipanga hivi: asubuhi Les Wanyika, kisha "Suzanna," kisha "Mwana", mchana nyepesi za akina Jay Melody, jioni Harmonize na wenzake. Vile vilio vizuri nimevihifadhi kwenye simu yangu, kwa usiku ninaotaka kushikwa shati. Vina mahali pake. Mahali pake ni pale mtu alipochagua mwenyewe kulia, na mlango umefungwa. Garini watu wamelipa nauli ya kufika tu. Wimbo unaolijua hilo, ukaendelea kudunda taratibu bila kumuuliza mtu anakwenda kufanya nini, ndio ninaouita mzuri.