Fundi wa Radi Hupimwa Ardhini

Mvua za kwanza za Nachingwea na Ruangwa huwakuta watu wakiokota korosho. Wingu likifunga, mtu hukimbilia kivuli alichokizoea, shinani mwa mkorosho, na hapo ndipo pabaya kuliko pote: radi hutafuta kilicho kirefu, na umeme wake ukishateremka kwenye shina huruka kumfuata aliyeegemea. Jengo nalo, lisipokuwa na kinga, si salama. Oktoba 2018, huko Geita, radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya Emaco Vision. Juni 2011, katika shule ya Runyanya nchini Uganda, walikufa wanafunzi 18.

Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayejua kufunga mtego wa radi. Ukiieleza, kazi yenyewe ni ndogo: ncha ya chuma juu ya paa, utepe wa shaba ukutani, fimbo ya shaba ardhini. Tangu enzi za Benjamin Franklin, katika karne ya 18, msingi ni huohuo. Wapita njia hutazama ncha. Fundi hodari huhangaika na kona.

Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi kwa muda usiofika hata kupepesa jicho, na mkondo wa namna hiyo ni kama lori lililokatika breki: ukiuwekea kona kali, unaacha njia. Kwa hiyo utepe unapofika ukingoni mwa paa haukunjwi kwa nyundo. Fundi huupinda polepole juu ya kipande cha bomba mpaka upate mviringo mpana, ndipo huubana ukutani kwa klipu. Akikuta gata la bati karibu huliunganisha na utepe, kwani chuma kilichoachwa kando ya njia ya radi hualika cheche. Ila shaba haigusishi na bati moja kwa moja. Zikilowana pamoja, bati huliwa. Hutia kiungio maalumu katikati. Mita mbili tatu za mwisho huzifunika kwa bomba la plastiki, mtoto asishike na mwizi wa shaba asitamani.

Kisha ardhi, na hapa ndipo mafundi hutengana. Radi ikifika chini lazima ipate pa kwenda, ama sivyo itarudi kumtafuta aliye karibu. Fundi hukita vigingi viwili mbali na fimbo, huvuta nyaya hadi kwenye kipimo, na husoma upinzani wa udongo. Shabaha ni omu 10 au pungufu. Fundi mjanja hupima Februari, udongo umelowa, namba inapendeza, hela inatoka. Anayejiheshimu hupima Oktoba, vumbi jekundu likiwa miguuni, maana udongo mkavu ndio unaokataa umeme, na mvua ya kwanza yenye radi huukuta bado haujalowa.

Namba ikikataa, huongeza fimbo nyingine au huzika utepe mrefu zaidi. Wapo wanaofukia mkaa na chumvi. Chumvi mimi siipendi: maji huiyeyusha ikaondoka, na ikibaki inatafuna chuma. Unga wa kinywe ni bora, hupitisha umeme, hauozi wala hauyeyuki. Na Ruangwa ni wilaya ya kinywe, madini ambayo dunia inayataka kwa betri za magari ya umeme. Sijui kwa nini hatuyafikirii kwa mashimo ya shule zetu wenyewe.

Kamati ya shule inayojiandaa kufunga mtego, basi, isimlipe fundi kwa kuangalia ncha inayong'aa juani. Mwambieni alete kipimo Oktoba, akite vigingi mbele yenu, na namba aiandike kwenye daftari la shule pamoja na tarehe. Mwaka unaofuata apime tena.