Ulimbo wa Kusi

Injini ya boti ikigoma, wengi hulaumu chumvi. Mafundi wa Kilifi huuliza kwanza imelala muda gani. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili na bahari kuchafuka, hasa kati ya Juni na Agosti, wavuvi wengi wa Ngomeni, Mayungu na Takaungu hawatoki nje ya mwamba. Injini hufunguliwa kutoka kwenye boti, ikafunikwa turubai, ikaegeshwa kando ya nyumba. Petroli iliyosahauliwa ndani ya kabureta haikai ilivyo. Sehemu zake nyepesi huruka hewani, zinazobaki hushikana na oksijeni na kuganda, na ile oili iliyochanganywa nayo, maana injini nyingi za hapa ni za mipigo miwili, hutuama chini. Miezi ikipita, ndani ya kabureta huwa pamebaki ulimbo wa kahawia unaonuka vanishi. Kaskazi inarudi, nguru na jodari wanarudi, mwenye boti anavuta kamba mpaka bega linamuuma, na injini haiitiki.

Fundi niliyemtazama ana banda lake Old Ferry, mjini Kilifi, palipokuwa na kivuko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Aliletewa Yamaha ya nguvu za farasi 15, yenye kabureta moja. Mwenye nayo, kijana wa Takaungu, alikuwa na haraka.

“Shikamoo, mzee. Itatoka leo?”

“Marahaba. Ikitoka leo, mwanangu, kesho utairudisha.” Akamvutia kiti.

Kazi ilianza kwa maji. Aliisugua kabureta nzima kwa brashi laini na maji ya mfereji. Ya kisima hayatumii, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina munyu. Hakufungua skrubu hata moja mpaka nje pamekauka, ili mchanga usipate njia ya kuingia ndani. Kisha akatandika kitambaa cheupe juu ya sinia pana. Kila kilichotoka kiliwekwa hapo kwa mpangilio wa kutoka kwake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia.

Skrubu za bakuli zilikuwa zimeng'ang'ania. Chuma na alumini vikikaa pamoja penye chumvi, alumini huliwa, ikatoa unga mweupe unaokaza meno ya skrubu. Hapo ndipo fundi mwenye pupa huvunja vichwa. Huyu alijaribu bisibisi tatu kabla ya kuridhika na iliyojaa kwenye mfereji wa kichwa bila kucheza. Akadondosha mafuta ya kulainisha, akangoja. Akagonga mpini kidogo, akaongeza mafuta, akangoja tena. Mwishowe aliikaza ile skrubu kwanza, mzunguko mdogo ambao jicho langu halikuuona, ndipo akaifungua. Ilitoka kimya. Zilizofuata zilitendewa vivyo hivyo, ingawa moja ilionekana nyepesi na ingeweza kulazimishwa.

Skrubu ya kurekebisha mvumo wa chini ina adabu yake. Kabla ya kuitoa aliizungusha ndani polepole mpaka ikagusa kikomo, akihesabu, kisha akaandika kwa chaki ubavuni mwa sinia: mmoja na nusu. Boya, sindano yake, gasketi na mipira yote vikatengwa kwenye kopo kavu. Dawa inayoyeyusha ulimbo huvimbisha mpira na kuharibu plastiki, na boya lililopotoka kidogo tu huifanya kabureta ifurike.

Mwili wa kabureta na jeti za shaba nyeupe vikalazwa ndani ya thina, kwenye bakuli lenye mfuniko, mbali na jiko na sigara za wapita njia. Vikalala humo usiku kucha. Asubuhi thina ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na kuta za ndani zilikuwa zimeng'aa. Ningedhani kazi imekwisha. Yeye aliinua jeti ndogo kuelekea mbinguni, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. Tundu la jeti ile halifiki milimita moja, na lilikuwa na ukuta mwembamba wa uchafu uliolibana bila kuliziba. Injini ingewaka, kisha ingezimika katikati ya mkondo wa Kilifi.

Wengi hapa wangechukua waya. Waya wa chuma ni mgumu kuliko shaba. Hukwaruza tundu na kulipanua, na jeti iliyopanuka hupitisha petroli nyingi kupita kipimo maisha yake yote. Fundi alikata kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni, ule ule wa kuvulia, akaupenyeza na kuuvuta kwa vidole viwili. Nailoni haina nguvu ya kuiumiza shaba.

Kwa ajili ya njia za ndani ya mwili, zinazokunja kona ambako mshipi haufiki, aliipeleka kabureta kwa jirani yake anayetengeneza simu. Huyo ana beseni dogo la mawimbi ya sauti. Mashine za aina hiyo kwa kawaida hutetemesha maji mara 40,000 kwa sekunde, sauti iliyo juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Mtetemo huzaa viputo vidogo mno vinavyopasuka papo hapo, na kila kimoja kikipasuka kinabandua uchafu kilipo, hata ndani ya tundu lililojificha. Beseni lilijazwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Petroli au thina haziingii humo kabisa, kwani mvuke wake unaweza kushika moto. Kabureta ilining'inizwa kwenye kikapu isiguse sakafu ya beseni. Muda si muda, kutoka kwenye tundu moja la ubavuni, ukatoka uzi wa moshi wa kahawia ndani ya maji. Fundi aliutazama mpaka ukakatika, akageuza kabureta, akarudia upande wa pili. Hakuiacha humo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu mawimbi hayo hayo hutoboa karatasi ya alumini, na yakizidi huanza kula alumini yenyewe.

Maji safi, upepo wa kompresa, gasketi mpya. Kimo cha boya akakipima kwa rula kabureta ikiwa imepinduliwa, akakunja ulimi wake kwa unywele, akapima tena. Skrubu ya mvumo ikarudi mzunguko mmoja na nusu. Injini ikafungwa kwenye pipa la maji matamu, ikapewa petroli mpya, lita 50 kwa lita moja ya oili. Kijana alivuta kamba mara mbili. Ya pili ikawaka, na maji ya kupoza yakaruka ubavuni bila kukatika.

Ndugu mwenye boti, kabla hujaifunika injini msimu wa kusi, iwashe ndani ya pipa la maji matamu, chomoa mpira wa petroli, na uiache inywe iliyobaki ndani ya kabureta mpaka izime yenyewe.