Kutoka Kuugua hadi Kuuguza: Ushuhuda wa Waliopona Ebola Beni na Butembo

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ambazo wahakiki wa Kiswahili hawajazipa nafasi ya kutosha ni ushuhuda. Ngano, methali, vitendawili na nyimbo zimekusanywa na kuainishwa tangu zamani. Lakini maelezo ya mtu anayesimama mbele ya wenzake na kueleza jinsi alivyougua, akakaribia kufa, kisha akapona, yameachiwa makanisa, redio na mashirika ya afya. Makala haya yanazitazama simulizi za watu waliopona Ebola katika miji ya Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, kama sanaa ya maneno yenye muundo wake, hadhira yake na kasoro zake. Hoja inayotetewa ni kwamba uzito wa simulizi hizi haumo katika ushindi dhidi ya ugonjwa, ingawa ndivyo zilivyotangazwa, bali katika safari ya msimulizi kutoka kuugua hadi kuuguza.

Ugonjwa wenyewe ulitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, ukiwa umezuka Mangina, si mbali na Beni. Ulienea Beni, Butembo, Katwa na hadi mkoa wa Ituri, na haukutangazwa kwisha ila tarehe 25 Juni 2020. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Waliopona walizidi kidogo 1,100. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Takwimu hizi mbili za mwisho si za kupitwa haraka, kwa maana zinaeleza ni nani aliyekuwa karibu na kitanda cha mgonjwa, na ni nani aliyebebwa mgongoni na aliyekuwa akiugua.

Hapana budi kwanza kuyakumbuka mazingira ya utendaji, kwani ushuhuda hautolewi hewani. Wilaya ya Beni ilikuwa ikiomboleza mauaji ya raia tangu Oktoba 2014. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Wengi wakaona kwamba ugonjwa umefanywa kisingizio cha kuwanyima kura. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili mwaka huohuo daktari kutoka Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Katika hali hiyo mtu aliyeingia kituoni akatoka hai alikuwa hoja inayotembea. Wapo waliosema kwamba ndani ya kituo watu huuawa. Yeye alisimama akaonekana. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alipewa cheti, akaimbiwa na wahudumu, na baadaye akaitwa redioni na mikutanoni aeleze yaliyompata. Kampeni ya kupambana na ugonjwa, ambayo wakazi waliiita kwa neno la Kifaransa riposte, ilimpa pia jina la heshima: vainqueur, yaani mshindi.

Jina hilo lilikuwa na kazi njema. Lilimwondolea aliyepona aibu ya kuogopwa na majirani. Hata hivyo, kifasihi lilileta kasoro. Likafanya kila simulizi iwe ya pambano, na pambano sharti liwe na mwisho. Umbo lililopatikana likalingana na ule ushuhuda unaojulikana sana makanisani, Katoliki na Protestanti, katika miji hii miwili: kuanguka, giza, kuokolewa, shukrani, na mwito kwa wasikilizaji. Mahali pa mwito wa toba pakakaa mwito wa kuchanjwa na kuwahi kituoni. Umbo la kuazima si dhambi katika fasihi simulizi. Aghalabu ndilo linalomwezesha msimulizi asiyezoea jukwaa kusema neno lolote, na linampa msikilizaji mahali pa kuitikia. Lakini ushuhuda wa kanisani hudai kwamba aliyeokolewa ameokoka kabisa. Msimulizi wa Ebola hakuwa hivyo. Alikuwa amepona, na nyumbani alikuta mume amezikwa, au watoto, au mama mzazi. Vitu vyake huenda vilikuwa vimechomwa kwa hofu ya maambukizo. Macho yalimwuma na viungo vilimlegea kwa miezi. Kiswahili chenyewe kinaitambua tofauti hii, kwani kupona kuna maana mbili, kurudiwa na afya na kunusurika. Aliyetoka katika ajali amepona hata kama amepoteza mguu. Neno mshindi limeifuta maana hiyo ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kweli zaidi.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano mikongwe ya kupimia jambo hili. Katika Utenzi wa Ayubu maradhi ni mtihani, na baada ya subira huja fidia. Mpango huo wa kurudishiwa ni mzuri kwa imani, lakini haufai kuwa kipimo cha simulizi ya mjane wa Butembo, kwa kuwa hakuna aliyerudishiwa chochote. La kufaa zaidi katika kisa cha Ayubu ni mhusika ambaye wasomaji humpita upesi: mke wake, ambaye mapokeo ya Kiislamu humwita Rehema, na ambaye humuuguza mumewe wengine wote wanapomkimbia. Kisa hakimwambukizi. Katika Beni na Butembo Rehema ndiye aliyekufa wa pili.

Mfano mwingine ni wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na kufariki yapata miaka miwili baadaye. Jina lake linaweza kuonekana kama kejeli ya bahati, lakini thamani ya utendi kwa mjadala huu iko kwingine. Ugonjwa ndio unaompa mtunzi haki ya kusema. Kwa kuwa siku zake ni chache, anaacha mengi na kutaja yale tu anayoyaona ni ya lazima kwa binti yake. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu mpangilio wa mambo hayo, na wahakiki wengi, hususan wanawake, wamebishana naye; lakini hawezi kukana kwamba mpangilio upo na kwamba maradhi ndiyo yaliyoupanga. Simulizi za waliopona Ebola zina mamlaka ya namna hiyohiyo, ila zinaelekea upande wa pili. Mwana Kupona anapanga maisha ya atakayebaki. Msimulizi wa Beni amebaki yeye mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuacha wasia tu, inambidi autende.

Utendaji huo ndio kiini. Wengi wa waliopona walirudi kufanya kazi mahali palepale walipolazwa. Mwili wao ulikuwa na kinga, hivyo waliweza kukaa karibu na wagonjwa kwa namna isiyowezekana kwa mhudumu mwingine, wakawalisha, wakawaosha, wakawabeba. Kando ya vituo vya matibabu Beni na Butembo palikuwa na nyumba za kutunzia watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki, zilizosaidiwa na UNICEF, na walezi wa watoto hao walikuwa wanawake waliopona. Mtoto aliyekutana na mgonjwa hakuweza kubebwa na shangazi wala bibi kabla muda wa uangalizi haujaisha. Aliweza kubebwa na mgeni ambaye ugonjwa ulikwisha kumpitia. Wapo walezi waliokuwa wamezika watoto wao wenyewe wiki chache kabla.

Hapa sarufi ya Kiswahili inasema jambo ambalo neno mshindi haliwezi kulisema. Kutokana na kuugua hupatikana kuuguza, kama vile kutokana na kukua hupatikana kukuza. Muuguzi, kwa umbo la neno, ni mtu ambaye maradhi yamo ndani ya kazi yake. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kawaida ya mashariki ya Kongo husikika pia kuchunga mgonjwa, au garde-malade ya Kifaransa. Lakini uhusiano wa maneno yale mawili unabaki kuwa ufunguo bora wa muundo wa simulizi. Sehemu ya kwanza, kwa lazima ya matukio yenyewe, huja kwa kauli ya kutendwa: msimulizi alichukuliwa, akapimwa, akaambiwa, akafungiwa. Beni, tangu mwaka 2018, baadhi ya wagonjwa walilazwa katika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili ndugu wamwone mgonjwa na yeye awaone bila kuguswa. Kwa hiyo hata kutazamwa kulikuwa jambo alilotendewa. Sehemu ya pili hugeuka kuwa ya kutenda: analisha, anabeba, anabembeleza. Mgeuko huo wa kauli ndio kilele, si ile siku ya cheti na nyimbo. Msimulizi anayeutambua huwashika wasikilizaji wake. Anayeishia kwenye cheti huwaacha wakipiga makofi tu.

Kuna ushahidi wa nje unaoipa hoja hii uzito usiotarajiwa. Mwaka 1995, wakati wa mlipuko wa Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 kati yao wakaishi. Jaribio lilikuwa dogo na wataalamu walilitilia shaka. Baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyepona mlipuko huohuo wa Kikwit, ilitengenezwa dawa iliyojulikana kwa jina la mAb114. Dawa hiyo ilikuwa mojawapo ya mbili zilizoonekana kufaa zaidi katika majaribio yaliyofanyika Kivu ya Kaskazini, ambayo matokeo yake yalitangazwa Agosti 2019. Kwa hiyo mtu aliyepona magharibi ya nchi aliwauguza watu wa Beni baada ya miaka zaidi ya 20, pasipo kuwajua. Mtunzi wa utenzi asingethubutu kubuni tukio kama hilo.

Suala la ujira haliwezi kukwepwa. Watu wa Butembo ni wafanyabiashara, na msemo wa Ebola biashara ulienea mapema, ukiwalenga wote waliolipwa na riposte, waliopona wakiwamo. Simulizi zilizochapwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani aghalabu hazigusi malipo, kana kwamba mshahara ungeitia doa huruma. Huo ni udhaifu wa wahariri. Hadhira ya sokoni Butembo inajua kwamba mlezi wa watoto hulipwa na kwamba mjane hula, na simulizi inayoficha jambo linalojulikana na wote hujipunguzia imani. Msimulizi anayesema kwamba alihitaji kazi, na kwamba kati ya kazi zilizokuwapo aliichagua ile ya kurudi alikotoka, amesema jambo kubwa kuliko yule anayedai kuwa hakufikiri juu ya fedha. Uchaguzi hupimwa penye haja.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Wakati wa mlipuko shirika la Translators without Borders lilibaini kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu cha mabango havikueleweka vizuri na wengi, na kwamba watu walitaka maelezo marefu kwa Kinande au kwa Kiswahili chao wenyewe. Kiswahili hicho, chenye mugonjwa na munganga, ambamo munganga ni daktari wa hospitali na si tabibu wa mitishamba kama mganga wa pwani, ndicho kilichobeba simulizi nyingi. Lakini zilipochapwa zilikuwa zimekwisha kuwa Kifaransa au Kiingereza, na maneno yaliyotamkwa hayakuwekwa kando ya tafsiri. Msomaji hawezi kujua kama msimulizi alisema amepona, ameokoka, ameshinda au ametoka. Katika tafsiri yote yamekuwa neno moja. Mhakiki wa ngano asingekubali kufanyiwa hivyo.

Baada ya Juni 2020 riposte ilifunga mahema yake, na majukwaa ya ushuhuda yakapungua pamoja na kazi. Waliopona walibaki na ratiba ya kufuatiliwa afya, macho ya kupimwa, na vipimo vya manii kwa wanaume, kwa kuwa virusi huweza kujificha mwilini muda mrefu. Kisha, tarehe 7 Februari 2021, Ebola ikatangazwa tena katika eneo la Butembo. Watu 12 waliugua na 6 walifariki kabla ya mlipuko huo kutangazwa kwisha tarehe 3 Mei. Uchunguzi ulionyesha kwamba virusi hivyo vilihusiana na vya mlipuko uliotangulia, na waliopona wakatazamwa upya kwa wasiwasi. Jina la mshindi halikuwa na jibu kwa tukio hilo, kwa maana ushindi ulikuwa umekwisha kutangazwa. Anayeuguza hakuwa ameahidi kwamba maradhi yamekwisha.

Simulizi zilizotolewa baada ya mwaka 2021 hazina cheti wala kwaya, na hutolewa barazani, kwa ndugu na majirani wachache. Utafiti utakaozikusanya hauna budi kuzirekodi kwa Kiswahili cha Beni na kwa Kinande kama zilivyosemwa, pamoja na vituo vya msimulizi na miitikio ya wasikilizaji, na kuuliza pia jambo ambalo waandishi wa habari hawakuwa na nafasi ya kuuliza: wale watoto waliobebwa mwaka 2019, ambao sasa wanasoma shule, wanawaitaje wanawake waliowabeba.